Trela la kutipa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwezo wa kubeba

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapotaka kununua, kukodi au kuundisha trela la kutipa. Hesabu zote ziko kwa kilo na mita. Mfano unaojirudia ni trela la ekseli mbili lenye bodi ya urefu wa mita 3.6, upana wa mita 2.1 na kuta za sentimita 60. Kama lako ni dogo au kubwa zaidi, badilisha vipimo tu, hesabu inabaki ile ile.

## Namba za kwenye bamba

1. Trela limeandikwa kilo 6,350. Napakia kilo 6,350?

Hapana. Namba kubwa ya kwenye bamba (kibati cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye trela) ni uzito jumla: trela lenyewe pamoja na kila kilichomo ndani yake. Mzigo wako ni kinachobaki ukitoa uzito wa trela likiwa tupu. Trela letu la mfano likiwa na uzito mtupu wa kilo 1,950, mzigo halali ni kilo 4,400. Karibu theluthi ya ile namba imeliwa na chuma kabla hujapakia hata beleshi moja.

Uzito mtupu anaoutaja muuzaji nao uuangalie mara mbili. Mara nyingi hauna tairi la akiba, turubai na fremu yake, ngazi za kupandishia mashine, sanduku la vifaa, wala mbao za kuongezea kuta. Vitu hivyo vikijumlishwa hufika kilo 150 hadi 300 bila shida. Njia ya uhakika ni kulipeleka tupu kwenye mizani ya magari mara moja, ukiwa umeweka kila kitu unachotembea nacho, kisha uandike namba hiyo kwa rangi kwenye fremu.

2. Wanaposema "tani", ni tani gani?

Swali zuri, kwa sababu ziko tatu. Tani ya kipimo cha metriki ni kilo 1,000. Tani ya Marekani ni kilo 907. Ile ya zamani ya Uingereza ni kilo 1,016. Trela lililotengenezwa kwa soko la Marekani na kuitwa la "tani saba" lina uzito jumla wa pauni 14,000, yaani kilo 6,350, si 7,000. Ukikuta pauni, zidisha kwa 0.4536. Ujazo ukitajwa kwa yadi, yadi moja ya ujazo ni mita za ujazo 0.765.

3. Mbona matrela mawili yana ekseli zile zile lakini uzito jumla tofauti?

Kwa sababu ekseli hazibebi kila kitu. Sehemu ya uzito hukaa kwenye ndoano ya gari linalovuta (swali la 9). Mtengenezaji mmoja anajumlisha uwezo wa ekseli tu: 3,175 mara mbili ni 6,350. Mwingine anaongeza kile kitakachobebwa na ndoano na kuandika karibu kilo 7,000 kwa ekseli hizo hizo. Wote wawili wako sahihi, ila wa pili amekuachia nafasi ndogo ya kukosea: ukipakia mzigo ukaegemea nyuma, ekseli zinazidiwa hata kama uzito jumla haujavuka.

Kuna pia trela lenye ekseli nzito lakini uzito jumla mdogo. Huko fremu, matairi, breki au daraja la usajili ndilo lililoweka kikomo. Usidhani umepata bahati ya uwezo uliofichwa.

4. Trela linabeba, gari linavuta, ndoano inashika. Nifuate uwezo wa nani?

Wa aliye dhaifu kuliko wote. Orodhesha: uwezo wa gari kuvuta, uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, uwezo wa ndoano na wa mpira wake wa chuma, uwezo wa ekseli, uwezo wa matairi. Namba ndogo ndiyo inayotawala.

Mfano: pikapu ina ruhusa ya kuvuta kilo 3,500. Trela lina uzito jumla wa kilo 4,700 na uzito mtupu wa kilo 1,350. Kwa bamba la trela ungepakia kilo 3,350, lakini kwa pikapu hiyo unapakia 2,150 basi. Na ukijaza watu wanne na mifuko ya saruji kwenye pikapu yenyewe, hata hizo 2,150 hupungua, kwa sababu uzito wa pamoja nao una mwisho wake. Watu wengi hununua trela kubwa "kwa ajili ya baadaye" kisha wanavuta kilo 500 za chuma cha ziada kila safari, wakibeba mzigo mdogo kuliko ambao trela jepesi lingebeba nyuma ya gari lile lile.

## Mzigo wenyewe

5. Vitu vya kawaida vina uzito gani?

Makadirio haya ni kwa mita moja ya ujazo, vitu vikiwa vimemwagwa bila kushindiliwa:

| Mzigo | Kilo |
|---|---|
| Mchanga mkavu | 1,500–1,600 |
| Mchanga uliolowa | 1,900–2,000 |
| Kokoto | 1,500–1,700 |
| Udongo wa juu, mkavu | 1,100–1,300 |
| Udongo wa mfinyanzi uliolowa | 1,600–1,900 |
| Kifusi cha zege | 1,400–1,600 |
| Tofali za kuchoma zilizopangwa | 1,400–1,800 |
| Samadi mbichi | 800–1,000 |
| Kuni zilizopangwa | 350–600 |
| Mkaa | 200–300 |
| Maranda | 150–250 |

Tumia namba ya juu unapochagua trela. Ya chini itumie ukitaka kujua kama bodi itatosha kwa ujazo.

6. Bodi haijafika hata nusu na tayari uzito umejaa. Kuta zote hizo ni za nini?

Ni za samadi, kuni, maranda, matawi na takataka za bustani. Kuta hupima ujazo, hazijui uzito, na hapa ndipo trela nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Chukua trela letu. Sakafu ni mita za mraba 7.56, na likijaa hadi ukingoni ni mita za ujazo 4.5. Zijaze mchanga uliolowa: karibu kilo 8,850. Mzigo halali ulikuwa 4,400. Umepakia mara mbili, na kwa macho trela linaonekana limejaa sawasawa, halijapindukia. Kwa maranda, bodi hiyo hiyo ikijaa pomoni ina kama tani moja tu.

Sasa igeuze hesabu. Kilo 4,400 za mchanga uliolowa ni mita za ujazo 2.26, na zikisambazwa sawasawa zinafika sentimita 30 za ukuta. Kokoto zinafika sentimita 36. Samadi mbichi unaweza kuijaza karibu mpaka juu. Kwa hiyo kabla ya safari ya kwanza chukua brashi na rangi, piga mstari ndani ya bodi kwenye sentimita 30 na mwingine kwenye 36, uandike pembeni "mchanga" na "kokoto". Rangi ya chini itakwanguliwa na mawe, kwa hiyo uweke alama nyingine upande wa nje pia. Kwenye sakafu hii kila sentimita moja ya mchanga uliolowa ni kilo 147. "Ongeza kidogo tu", yaani sentimita tano, ni zaidi ya kilo 700.

Mwendesha kijiko naye mwambie mapema. Ndoo ya ujazo wa mita 0.8 inachota tani moja na nusu ya mchanga uliolowa. Ndoo ya tatu tayari imekuvusha kikomo, na yeye amezoea malori.

7. Mvua ikinyesha juu ya mzigo, uzito unapanda kweli?

Unapanda, tena kwa kipimo. Milimita 20 za mvua ni lita 20 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 150 kwenye bodi yetu kama maji hayapati pa kutokea. Funika kwa turubai hata kama safari ni fupi. Ila tatizo kubwa zaidi ni mchanga uliolala nje kwenye lundo kabla ya kupakiwa, maana huo tayari umekunywa.

Jambo moja linalochanganya watu: mchanga wenye unyevu kidogo tu huvimba, ukachukua nafasi zaidi kuliko ukiwa mkavu, wakati mwingine kwa robo nzima. Kwa hiyo mita ya ujazo ya mchanga wa unyevu mdogo inaweza kuwa nyepesi kuliko ya mchanga mkavu, na ile ya mchanga uliolowa chepechepe ikawa nzito kuliko zote. Ukiufinya mkononi ukatoa maji, uhesabu kuwa umelowa.

8. Nabomoa sakafu ya zege. Nitajuaje ni safari ngapi kabla sijavunja?

Pima ikiwa bado haijavunjwa, ni rahisi zaidi. Zege zima lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo sakafu ya unene wa sentimita 10 ina kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Trela la mzigo wa kilo 4,400 linabeba mita za mraba 18 kwa safari. Sakafu ya mita 60 za mraba ni safari nne.

Vipande vikubwa visiangushwe kutoka juu. Kipande cha nusu mita ya mraba kina kilo 120, na kikianguka kutoka urefu wa mita moja na nusu kinabonyeza sakafu ya milimita 3 papo hapo. Tandika kwanza udongo au kifusi laini sentimita tano, kisha vipande vikubwa vije juu yake. Hicho kitandiko nacho kina uzito wake, kihesabu.

## Gari, ndoano na breki

9. Uzito kiasi gani ukae kwenye ndoano, na naupimaje?

Kwa trela la kawaida lenye ekseli katikati, asilimia 10 hadi 15 ya uzito jumla. Kwa trela la shingo ndefu linalokaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu, asilimia 15 hadi 25. Trela lenye ekseli yake ya mbele halina habari hii, halikandamizi ndoano. Juu ya yote hayo, ndoano na gari vina kikomo chao kilichoandikwa, na kikiwa chini ya asilimia hizi, kikomo ndicho kinachofuatwa, maana yake mzigo unapunguzwa.

Uzito ukiwa mdogo mbele, trela huanza kutikisa mkia kwenye mwendo. Ukiwa mwingi kupita kiasi, nyuma ya gari inachuchumaa, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapoteza nguvu.

Kupima si kazi kubwa. Simamisha trela sawasawa na uzibe magurudumu. Chukua mbao nene ya mita moja na nusu. Upande mmoja ulaze juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani ya kupimia watu, kila upande ukiwa na kipande kifupi cha bomba chini yake. Umbali kati ya mabomba uwe sentimita 120. Soma uzito wa mbao peke yake kwanza. Kisha simamisha kigingi kigumu chini ya kichwa cha mkono wa trela, kikanyage mbao sentimita 30 kutoka bomba la upande wa tofali. Toa ule uzito wa mbao, zidisha kinachobaki kwa nne. Mizani ya kilo 150 hukufikisha kilo 600. Kigingi kisiteleze, na miguu yako isiwe chini ya mkono wa trela.

Palipo na mizani ya magari: pima trela zima likiwa limefunguliwa, kisha pima ekseli zake tu likiwa limefungwa kwenye gari. Tofauti ndiyo iliyo kwenye ndoano.

10. Likianza kutikisa mkia nifanye nini?

Achia mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki za gari kwa nguvu. Kama trela lina breki za umeme zenye swichi ya mkono, zibane hizo peke yake. Likitulia, simama, sogeza mzigo mbele. Kuendelea na safari kwa mwendo wa pole si dawa, maana mteremko wa kwanza utakurudishia tatizo lile lile.

11. Gari langu linavuta bila kulalamika. Si ushahidi tosha?

Injini inakuambia kama utapanda kilima. Haikuambii kama utasimama ukikishuka.

Nguvu ya kuzimwa na breki hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa theluthi, lakini kazi ya breki imeongezeka kwa karibu asilimia 80. Trela la kutipa lenye tani sita lisipokuwa na breki zake linasukuma pikapu ya tani mbili na nusu kama mtu anayesukuma mkokoteni.

Breki za trela ni za aina mbili kuu kwa ukubwa huu. Za kusukumwa hujifunga zenyewe trela linapoligandamiza gari. Ni rahisi na hazihitaji waya, lakini kwenye mteremko mrefu hukaa zimebana muda wote na kupata moto. Za umeme huendeshwa na kifaa kilicho ndani ya gari, unazipangia nguvu kulingana na mzigo, na unaweza kuzibana peke yake. Kwa mizigo mizito na vilima, chagua za umeme au za haidroliki inayoendeshwa kwa umeme, na ziwe kwenye ekseli zote. Kuna watengenezaji wanaoweka breki kwenye ekseli moja tu ya mbili ili kupunguza bei, kwa hiyo chungulia chini.

Ile kamba nyembamba inayochomoa pini trela likikatika njiani ina betri yake. Ichomoe kwa mkono mara moja kwa mwezi uone kama magurudumu yanakaza, kisha irudishe.

## Bodi, jeki na matairi

12. Nichague jeki ya aina gani?

Tuanze na kwa nini ni swali. Silinda ya kipenyo cha milimita 100 kwa shinikizo la baa 200 inasukuma karibu tani 16. Ikiwa imelala chini ya bodi kwa pembe ya digrii 15, inayopanda juu ni karibu tani 4 tu, iliyobaki inasukuma mbele na kukaza bawaba. Ndiyo maana mwanzo wa kunyanyua ndio mgumu, na jeki ikishavuka digrii chache mlio wa pampu hulegea.

Jeki ya teleskopu (yenye mabomba yanayochomoza moja ndani ya jingine) iliyosimama mbele ya bodi inasukuma mahali pazuri zaidi kimekanika, na hunyanyua mzito kwa silinda nyembamba. Inakula nafasi ya mbele, na ikiwa imerefuka haipendi kabisa ardhi iliyoinama. Jeki ya mkasi hutatua ule mwanzo mgumu kwa mikono yake na huituliza bodi isiyumbe, lakini ina pini nyingi zinazodai grisi. Silinda mbili za pembeni ni nafuu na hufaa mizigo ya wastani. Kwa udongo na mawe kila siku, mkasi au teleskopu. Kwa kazi za bustani, silinda mbili zinatosha na hakuna haja ya kulipia zaidi.

13. Jeki inanyanyua tani nane. Si ina maana trela linabeba nane?

Hapana. Jeki hufanya kazi trela likiwa limesimama. Springi, matairi na fremu hufanya kazi kwenye mashimo, kwa mwendo. Watengenezaji huweka jeki yenye nguvu ya ziada makusudi, kwa sababu mzigo hukaa mbele au hunata.

Na kinyume chake hutokea: mzigo uko ndani ya kikomo lakini jeki inagoma. Anza na betri. Pampu ya volti 12 hunywa zaidi ya ampia 100 ikiwa na mzigo, wakati waya mwembamba unaotoka kwenye soketi ya gari hurudisha ampia chache tu. Ukimwaga mara sita kwa siku, betri itakuwa imechoka jioni hata kama gari limetembea. Chaji usiku kwa chaja. Kisha angalia mafuta ya haidroliki bodi ikiwa chini, na kutu kwenye viungo vya waya mnene wa ardhi. Vali ya usalama usiikaze ili "kuongeza nguvu", kwa kuwa ndiyo inayozuia bomba kupasuka.

14. Sakafu ya milimita 3 au 5?

Milimita 3 kwa udongo, mchanga na samadi. Milimita 5 kwa mawe na zege. Chuma kina karibu kilo 7.85 kwa mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, hivyo milimita mbili za ziada kwenye sakafu yetu ni kilo 119 zinazotoka kwenye mzigo wako kila safari. Ulizia pia nafasi kati ya mihimili inayoshika sakafu: sakafu ya milimita 3 yenye mhimili kila sentimita 30 hubonyea kidogo kuliko ya milimita 4 yenye mhimili kila sentimita 60.

15. Matairi yanaingiaje kwenye hesabu?

Yanaingia kwanza. Ubavuni pana namba ya uwezo: 121 ni kilo 1,450 kwa tairi, 126 ni kilo 1,700. Trela letu likiwa na matairi manne ya 121, yanabeba kilo 5,800. Uzito jumla ni 6,350. Asilimia 10 ikikaa kwenye ndoano, ekseli zinabaki na 5,715. Imeingia, lakini kwa kilo 85 tu. Tairi moja likiwa na upepo pungufu, hesabu imeharibika. Matairi ya 126 yanakupa kilo 6,800 na usingizi mzuri.

Uwezo huo hupatikana kwa upepo ulioandikwa ubavuni tu, ukipimwa tairi likiwa baridi. Angalia na umri: tarakimu nne za mwisho za alama ya utengenezaji, kwa mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya trela huzeeka kwa kusimama juani kabla ya kuisha meno, na yakipita miaka sita usiyaamini na mzigo kamili.

16. Basi nichague ukubwa gani?

Anza na mzigo mzito zaidi unaoubeba mara kwa mara, si ule wa mara moja kwa mwaka. Zidisha ujazo wa safari moja kwa namba ya swali la 5, ongeza asilimia 15 hadi 20, halafu uone kama gari lako linaruhusu (swali la 4). Kwa kukadiria, matrela ya kawaida huangukia hivi: ekseli mbili za kilo 1,588 hukupa mzigo wa karibu tani 2, za 2,359, tani 3 na kidogo, za 3,175, tani 4 hadi 4.5. Ekseli tatu za 3,175 hufika kama tani 6.5, lakini hapo unahitaji gari la kazi hasa.

Ukiwa katikati ya saizi mbili na gari linaweza zote, chukua ekseli kubwa na bodi ndogo. Bodi fupi yenye ekseli nzito ni vigumu kuizidisha kwa bahati mbaya.

## Hali zisizo za kila siku

17. Bodi imefika juu, mzigo umenata. Nitikise kwa kusogeza gari?

Usithubutu. Mfinyanzi uliolowa hubaki umeshika bodi hata kwenye digrii 45, na mara nyingi hushika upande mmoja au mbele. Ukishtua gari, uzito wote juu kule unayumba. Mzigo ukibaki nyuma tu, mkono wa trela unavuta ndoano kwenda juu na unaweza kuinua nyuma ya gari. Kwa sababu hiyo usimwage trela likiwa limefunguliwa kwenye gari, isipokuwa lina miguu ya kulishikilia.

Shusha bodi yote, chota kwa mkono au kijiko sehemu iliyonata, rudia. Kuzuia ni rahisi zaidi: nyunyiza mchanga mkavu sakafuni kabla ya kupakia, na mfinyanzi usiulaze ndani usiku kucha. Mlango nao ufungue wote. Mlango wa kuning'inia unaoachia upenyo mdogo ni wa kutandaza kokoto, si wa udongo wala mawe.

18. Ni nini hasa kinachopindua trela wakati wa kumwaga?

Gurudumu moja kuwa chini kuliko jingine. Bodi ikipanda, uzito unapanda nayo, na mwinamo mdogo wa chini unakuwa mkubwa juu. Tatu ndizo sababu: ardhi isiyo sawa, ardhi laini iliyojazwa karibuni ambayo tairi moja huzama katikati ya zoezi, na mzigo uliopakiwa upande mmoja. Weka pima maji kwenye mhimili wa nyuma wa fremu. Povu likiwa si katikati, hama.

Tazama juu pia, nyaya za umeme hazihitaji kuguswa ili ziue. Na bodi ikiwa juu kwa ajili ya matengenezo, nguzo ya chuma ya kuizuia iwe imesimama mahali pake kabla mtu hajaingiza hata kichwa. Jeki si nguzo: bomba likipasuka, bodi tupu ya kilo mia kadhaa inashuka kwa sekunde.

19. Nikiongeza jani la springi au mbao za ukuta, uwezo unaongezeka?

Mbao zinaongeza ujazo wa vitu vyepesi, na kwa hilo ni nzuri. Jani la springi linaondoa dalili: trela haliinami tena, lakini ekseli, beringi, breki na matairi ni yale yale. Kuinama ndiko kulikokuwa kunakuonya.

20. Naweza kubeba kijiko kidogo ndani yake?

Ndiyo, kama sakafu na ngazi vinaruhusu. Mashine ya kilo 1,700 ni ndani ya uwezo wa trela la mfano, ila uzito wote umekaa kwenye mikanda miwili myembamba inayotembelea, na wakati inapanda, mwisho wa trela unashuka na ndoano inanyanyuka. Weka miguu ya nyuma au vigogo chini ya fremu kwanza. Ipeleke mbele mpaka uzito wa ndoano ufike kiwango cha swali la 9, ifunge minyororo pembe nne, mkono wa ndoo ukiwa umelala sakafuni. Na swichi ya kutipa izimwe kwenye betri.

21. Trela la mtumba halina bamba. Nitajuaje uwezo wake?

Tafuta kibandiko au mchoro kwenye bomba la kila ekseli, upande wa nyuma. Futa matope na grisi kwa dizeli. Soma matairi. Pima likiwa tupu. Kisha chukua iliyo ndogo kati ya jumla ya ekseli na jumla ya matairi, utoe uzito mtupu. Kile kinachobaki ni dari, si ahadi, kwa sababu fremu hujui ilitengenezwa kwa ngapi.

Fremu yenyewe itazame kwenye sehemu tatu: pale mkono wa kuvuta unapoungana na chesisi, kwenye vishikizo vya springi, na kuzunguka bawaba za bodi. Rangi mpya kwenye sehemu hizo tu, trela zima likiwa limechakaa, mara nyingi ina ufa chini yake. Simama nyuma, uchungulie kama bodi imekaa sambamba na fremu. Inua tupu mpaka juu, izime, weka alama kwenye silinda, subiri dakika kumi. Ikishuka bila mtu kuigusa, mihuri ya jeki au vali imekwisha, na bei ya kuitengeneza ipunguzwe kwenye bei ya trela kabla hujatoa pesa.